Namna ya kusoma wasifu wa wakili wa makampuni na mazingira kabla ya kumkabidhi dosie yako

Kwa miaka tisa nilikuwa sekretari katika kabine ya mawakili hapa Lubumbashi. Leo nina meza yangu mwenyewe, kompyuta mbili na mashine ya fotokopi, mwendo wa dakika chache kutoka jengo la mahakama. Wasifu wa mawakili niliouchapa hauna idadi: wa vijana waliokula kiapo juzi, wa wazee waliovaa joho tangu enzi za Zaire, wa wale wanaobadilisha kabine kama shati. Kwa hiyo maneno hayo nayajua kutoka jikoni. Najua lipi limepikwa likaiva, na lipi limetiwa chumvi usiku wa kuamkia siku ya mwisho ya tenda.

Watu wanakuja mezani kwangu na swali moja: "Yaya, huyu Maître ameandika ni wa makampuni na mazingira. Nimpe kazi?" Leo ni baba mwenye malori matatu anayetaka kandarasi kwenye mgodi. Kesho ni mwenyekiti wa ushirika wa wachimbaji wa mikono. Keshokutwa ni akina mama wanne wenye bustani za lengalenga kando ya mto, maji yamebadilika rangi na hawajui waanzie wapi. Mwongozo huu ni wao.

Kwanza tuelewane kwa nini mambo hayo mawili yanakaa kwenye kibao kimoja. Mji huu umesimama juu ya shaba tangu 1910. Kampuni ikipata haki ya kuchimba, haiwezi kuanza kazi bila tathmini ya athari kwa mazingira na jamii kukubaliwa. Kwa hiyo karatasi za kampuni na karatasi za mto zinazaliwa siku moja, tumbo moja. Wakili anayejua zote mbili yupo kweli, na ni mtu wa thamani. Tatizo ni kwamba wengi wanajua upande mmoja tu, kisha neno "mazingira" wanalinyunyiza juu kama pilipili kwenye nyama choma. Niliwahi kuchapa wasifu wenye picha ya lile bomba la moshi la Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, na mlima wake mweusi kwenye ukurasa wa kwanza. Ndani, kuhusu mazingira, palikuwa na mstari mmoja: semina ya siku tatu.

Hatua ya 1: Jua kwanza ni nani huyu

Kazi ya uwakili nchini inapangwa na amri-sheria nambari 79-028 ya tarehe 28 Septemba 1979. Kwa mteja wa kawaida, jambo kubwa ndani yake ni kwamba si kila mtu anayeitwa Maître ni wakili wa baro, yaani chama rasmi cha mawakili. Kuna mtetezi wa mahakama, ambaye anasimama mbele ya mahakama za amani na mahakama kuu za mwanzo, lakini hapandi na kesi yako hadi rufaa. Baadhi yao wanajua utaratibu kuliko mawakili wanaowacheka, hilo nimeliona kwa macho yangu. Ila mgogoro na kampuni kubwa hauishii chini. Utakata rufaa wewe au watakata wao, na hapo utatafuta mtu mwingine katikati ya safari.

Halafu kuna mwanasheria wa ofisi. Huyu ni mwajiriwa wa kampuni: amesoma sheria, anaandika mikataba, anajibu barua za kodi. Ni ujuzi halisi, pengine mzuri kuliko wa mahakamani kwa mambo ya mikataba. Lakini kuwa wakili na kuwa mwajiriwa wa kampuni haviendi pamoja. Sheria inavitenganisha, na inakataza wakili kufanya biashara pia. Kwa hiyo ukisoma "wakili kwenye baro tangu 2014" na mistari mitatu chini yake "mkuu wa idara ya sheria katika kampuni fulani, 2013 hadi leo", weka kidole hapo. Ama alijiondoa kwenye orodha ya baro, ama tarehe moja inasema uongo. Muulize kwa upole. Mwenye jibu safi hatakasirika.

Hatua ya 2: Nenda baro, usimalize kazi hii kwa simu

Baro ina orodha mbili. Ya kwanza ni tablo, ya mawakili kamili. Ya pili ni ya walio kwenye staji, ambayo ni miaka miwili chini ya wakili mwenye uzoefu anayeitwa patroni. Aliye kwenye staji si mtu wa kudharau, mara nyingi ndiye anayesoma dosie yako yote usiku wakati patroni yuko Kinshasa. Lakini lazima ujue nani anabeba jukumu, na jina la nani litakuwa chini ya hati.

Utafika kwenye sekretarieti ya baro na jina kamili. Andika majina matatu, si "Maître" na jina la mtaani. Angalia pia kichwa cha barua yake: mawakili wengi wanaandika namba yao ya kitaifa ikianza na herufi ONA. Iandike, uipeleke, uulize kama jina na namba vinalingana, na kama mwenyewe hajasimamishwa kazi. Huna haja ya kueleza kesi yako kwa mtu yeyote pale.

Ukishapata mwaka wa kiapo, fanya hesabu. Wasifu unasema "uzoefu wa miaka 18", kiapo ni cha 2016. Si lazima awe mwongo. Huenda miaka iliyotangulia alikuwa mwanasheria wa ofisi, au karani, au mwalimu msaidizi chuoni. Mwambie akugawie miaka hiyo: mingapi ya joho, mingapi ya meza. Mimi mwenyewe nimeketi kwenye kiti nikachapa "miaka 20" kwa mtu ambaye alihesabu tangu alipoanza chuo. Alilipa vizuri, na mimi nilihitaji wino.

Hatua ya 3: Shule, bila kukawia

Hapa watu wanapotea kwa sababu ya neno moja: licence. Kwa mfumo wa zamani, mtu alisoma graduat miaka mitatu, kisha licence miaka miwili, jumla mitano. Kwa mfumo mpya wa LMD, licence ni miaka mitatu, na masta ni miwili juu yake. Kwa hiyo mzee wa UNILU aliyeandika "licence, 2004" hajasoma kidogo kuliko kijana mwenye masta, wamelingana miaka. Tazama pia mchepuo. Sheria ya uchumi na jamii inasogea karibu na makampuni. Mchepuo mwingine haumzuii mtu, ila utataka kujua alijifunzia wapi hesabu za kampuni. Vyeti vya semina vitenge na diploma. Cheti cha siku tatu ni cha siku tatu hata kikiwa na muhuri wa dhahabu.

Hatua ya 4: Upande wa makampuni, tumia tarehe kama kipimo

Tarehe ya kukariri ni 12 Septemba 2012. Siku hiyo sheria za OHADA, yaani sheria za biashara ambazo nchi kadhaa za Afrika zinazitumia kwa pamoja, zilianza kutumika Kongo, na sheria yetu ya zamani ya makampuni ikawekwa pembeni. Makampuni yaliyokuwepo yalipewa miaka miwili kujirekebisha. Kwa hiyo kila wakili aliyeapa kabla ya hapo alilazimika kurudi shule, kwa hiari au kwa aibu.

Kuna mtego mdogo ambao naupenda sana, kwa sababu unawanasa hata wahasibu. Kabla ya OHADA, hapa Kongo herufi SARL zilikuwa na maana ya kampuni kubwa ya hisa. Kampuni ndogo ya watu wachache iliitwa SPRL. OHADA ilipoingia, SPRL ikawa SARL, na ile SARL ya zamani ikawa SA. Sasa soma wasifu: "nimeanzisha SARL kumi na mbili kati ya 2008 na 2017". Muulize ngapi ni za kabla na ngapi ni za baada. Aliyefanya kazi hiyo kweli atacheka na kukueleza dakika kumi bila kupumua. Ambaye hakuifanya atasema "ni kitu kilekile". Si kitu kilekile.

Kisha uliza kuhusu karatasi za kawaida, zile ambazo hazipambi wasifu: daftari la biashara, yaani RCCM, muhtasari wa mkutano wa wanahisa, kubadili meneja, kuuza hisa kwa mtu wa nje. Mwenye malori matatu hahitaji mtu aliyeshiriki "miamala mikubwa ya kimataifa". Anahitaji mtu anayeijua sheria nambari 17/001 ya tarehe 8 Februari 2017 kuhusu sutretansi, ile inayowatengea kazi za ukandarasi mdogo makampuni yenye mtaji ulio mikononi mwa Wakongo kwa sehemu kubwa. Na anahitaji mtu atakayemwambia ukweli pale mgeni mmoja anapomwomba "akopeshe jina" ili aonekane ni mwenye hisa. Muulize wakili wako anavyofikiri kuhusu mpango huo. Akikupa ushauri wa namna ya kuuficha vizuri, umeshamaliza kusoma wasifu wake.

Kuhusu mahakama: migogoro ya biashara inaenda kwenye mahakama ya biashara, ambamo majaji wa kazi wanakaa pamoja na majaji waliotoka kwa wafanyabiashara wenyewe. Na ngazi ya mwisho ya mambo ya OHADA haiko Kinshasa, iko Abidjan, kwenye mahakama inayoitwa CCJA. Mtu akiandika amesimamia kesi Abidjan, mwombe namba na tarehe ya hukumu. Hukumu zile zinachapishwa, hazina siri. Kwa kesi za hapa mjini, masijala ya mahakama itakuonyesha kama namba ipo, na mashauri yanasikilizwa hadharani. Keti nyuma asubuhi moja umsikilize akizungumza. Hiyo ni nauli ya taksibasi tu.

Hatua ya 5: Upande wa mazingira, hapa ndipo pa kukaa

Upande wa makampuni mtu anaweza kuujifunza kwenye kiti. Upande huu haujifunzwi kwenye kiti.

Nitawaeleza siku moja. Kulikuwa na akina mama waliolima chini ya kiwanda kimoja, na maji ya mfereji wao yakaanza kuacha ukoko mweupe kwenye majani ya kabichi. Kabine ilituma mawakili wawili, na mimi nikiwa na daftari. Wa kwanza, kijana mwenye wasifu wa kurasa sita, alikaa kwenye gari kwa sababu ya matope, akapiga picha kupitia dirishani, akawaambia akina mama "tutawashitaki". Wa pili alikuwa mwanamke wa makamo. Alikuja na mabuti ya mpira kwenye mfuko wa plastiki, akavaa, akashuka hadi kwenye mfereji. Alikuja pia na wisie, yule afisa wa mahakama anayeandika rasmi alichokiona. Walichota maji sehemu tatu: juu ya kiwanda, pale bomba linapotokea, na kwenye bustani. Kila chupa ilifungwa, ikaandikwa saa na mahali, ikatiwa lakiri mbele ya watu. Mama mmoja akauliza kwa nini wanachota na kule juu ambako maji ni safi. Akajibu, "Mama, kesho watasema mto wote ulikuwa mchafu kabla yao. Chupa hii ndiyo itawajibu."

Jioni alikuja kwangu kurekebisha wasifu wake, ukurasa mmoja na nusu. Nilikuwa nimemwandikia "mtaalamu wa migogoro ya mazingira". Akasema, "Mdogo wangu, futa. Andika nilichofanya." Tukaandika: alisimamia uchotaji wa sampuli na wisie, alilinganisha majibu ya maabara na ahadi zilizo kwenye mpango wa mazingira wa kampuni, alijadiliana fidia ya mazao kwa kaya kadhaa. Tangu siku hiyo, nikisoma wasifu, macho yangu yanatafuta vitenzi kwanza. "Kushiriki", "kuchangia", "kufuatilia" ni vitenzi vya mtu aliyekuwepo chumbani. "Kuchota", "kulinganisha", "kudai", "kupata" ni vya mtu aliyefanya.

Sasa maswali. Huhitaji kuwa mwanasheria kuyauliza, unahitaji tu kuwa na majibu mfukoni.

Muulize haki yako inaanzia wapi. Atakayejua atataja kifungu cha 53 cha Katiba ya 2006, kinachompa kila mtu haki ya mazingira yenye afya, kisha sheria nambari 11/009 ya tarehe 9 Julai 2011 kuhusu misingi ya kulinda mazingira. Akiongeza sheria ya maji ya tarehe 31 Desemba 2015, mpe kikombe cha pili cha chai.

Muulize nani anaandika tathmini ya athari. Jibu ni ofisi ya wataalamu iliyopewa kibali, wahandisi na watu wa biolojia, wanaolipwa na kampuni. Wakili haandiki tathmini. Kwa hiyo mstari unaosema "nimeandika tathmini nane za athari" una harufu. Kazi yake ni kuisoma: kuangalia kama wananchi waliitwa kweli kwenye mikutano, majina na sahihi ni za nani, kampuni iliahidi nini kuhusu vumbi na maji, na kama ahadi hizo zinatekelezwa. Anayepitia tathmini kwa niaba ya serikali ni shirika la mazingira la taifa, ACE, lililoundwa kwa dekreti ya Novemba 2014, likishirikiana na idara ya mazingira ya migodi iliyo kwenye wizara ya madini. Wakili aliyewahi kubisha hodi kwenye ofisi hizo anajua barua hupokelewa vipi na inachukua muda gani kupata muhuri wa mapokezi. Mwombe akueleze barua moja tu aliyowahi kupeleka.

Muulize Sheria ya Madini ya 2002 ilibadilishwa lini. Ni tarehe 9 Machi 2018, kwa sheria nambari 18/001. Mabadiliko hayo ndiyo mkate wa wakili wa mazingira hapa Katanga, na mtu anayeendelea kunukuu ya zamani amelala. Ndani yake mna mambo matatu yanayokuhusu wewe moja kwa moja.

La kwanza ni kifungu cha 285 bis: mwenye haki ya kuchimba anawajibika kulipa madhara ya shughuli zake kwa watu, mali na mazingira hata kama hakufanya kosa wala uzembe. Maana yake wale akina mama hawakulazimika kuthibitisha kwamba mtu fulani alisahau kufunga valvu. Walilazimika kuthibitisha madhara, na kwamba yametoka pale. Ndiyo maana ya zile chupa tatu.

La pili ni mrabaha. Shaba inalipiwa asilimia 3.5, na kobalti, ambayo iliwekwa kwenye kundi la madini ya kimkakati mwishoni mwa 2018, asilimia 10. Fedha hizo zinagawanywa: asilimia 50 serikali kuu, 25 jimbo, 15 mamlaka ya eneo ambamo mgodi upo, na 10 mfuko wa vizazi vijavyo. Ukiwa unamtetea chifu au mkuu wa sekta, wakili wako lazima azijue namba hizi usingizini, hasa ile 15.

La tatu ni mchango wa angalau asilimia 0.3 ya mauzo ya kampuni kwa maendeleo ya jamii, na mkataba wa majukumu kwa wananchi, ule ambao mjini wote tunauita kaye de sharje. Hapa muulize: alikaa upande gani wa meza wakati wa kujadili kaye de sharje, na kitu gani kilichoandikwa mle kimejengwa? Shule ina paa? Pampu inatoa maji? Wakili mzuri wa upande wowote ule atakujibu kwa majina ya vijiji. Yule wa pilipili atakujibu kwa majina ya semina.

Swali la mwisho kwenye hatua hii ni la nje ya nchi, ila si mbali. Ukivuka Kasumbalesa ukashuka upande wa Zambia utafika Chingola. Wanakijiji wa pale, watu 1,826, waliishitaki kampuni ya Konkola Copper Mines pamoja na mama yake iliyoko London, Vedanta, kwa sababu ya maji yaliyochafuliwa na mgodi wa Nchanga. Tarehe 10 Aprili 2019 Mahakama ya Juu ya Uingereza iliamua kwamba kesi inaweza kusikilizwa kule kule Uingereza. Mwaka 2021 pande mbili zikamalizana kwa makubaliano.

Kesi hiyo ni kioo cha wakili wa makampuni na mazingira, kwa sababu inagusa pande zote mbili kwa mpigo. Upande wa makampuni: kampuni mama na kampuni binti ni watu wawili mbele ya sheria, kwa hiyo deni la binti si la mama. Upande wa mto: ikiwa mama mwenyewe amechapisha taarifa akijisifu kwamba anasimamia mazingira kwenye migodi yake yote, basi anaweza kuwajibika kwa jirani wa mgodi. Na kuna jambo ndani ya hukumu ile linaloniuma kila nikilikumbuka. Sababu moja ya kuacha kesi ibaki Uingereza ni kwamba walalamikaji wasingepata haki kamili nyumbani: hapakuwa na njia ya kugharimia kesi, wala timu za mawakili wenye uzoefu wa kesi kubwa kama hiyo. Yaani wasifu wa mawakili wa nchi nzima uliwekwa mezani London, ukapimwa. Muulize wakili wako anaifahamu kesi ya Chingola. Si lazima awe ameisoma yote. Lakini akisema hajawahi kuisikia, na yeye yuko Lubumbashi, mshukuru kwa muda wake.

Hatua ya 6: Upande gani wa meza?

Wakili aliyetetea makampuni ya madini miaka kumi si adui yako. Mara nyingine ndiye bora, anajua wanaficha karatasi kwenye droo gani. Kinachokatazwa ni kukaa pande mbili za meza moja. Mpe jina la kampuni unayogombana nayo kabla hujamweleza chochote kingine, umwulize kama yeye, au mwenzake yeyote wa kabine, anaifanyia kazi, aliwahi kuifanyia, au anaifanyia kampuni dada. Uliza hivyo hivyo, kwa maneno hayo, kwa sababu "mimi sijawahi" ni jibu la nusu ikiwa patroni wake ndiye anayelipwa na hao jamaa kila mwezi.

Usimlazimishe kukutajia mambo ya wateja wake. Ana siri ya kazi. Akianza kukuburudisha na habari za ndani za kampuni aliyoiacha mwaka jana, furahia hadithi lakini usimwachie dosie.

Hatua ya 7: Mwombe dosie moja tangu mwanzo hadi mwisho

Hili ni fupi na linafanya kazi kuliko yote. Bila majina, akusimulie kesi moja ya makampuni na moja ya mazingira: mteja alikuja na nini, karatasi ya kwanza ilikuwa ipi, walikwama wapi, ilikwisha vipi. Sikiliza pale pa kukwama. Dosie ambayo haikukwama popote haikuwepo.

Hatua ya 8: Pesa na karatasi

Mkataba wa malipo uwe wa maandishi, na utenge vitu viwili ambavyo watu wanavichanganya: honorari, ambayo ni jasho la wakili, na gharama za kesi, ambazo ni masijala, wisie, maabara, safari. Kwenye kesi ya mazingira gharama za maabara na wataalamu zinaweza kushangaza; ajuaye atakutajia mapema, na atakuambia sampuli ngapi zinatosha. Kila utakacholipa, chukua risiti. Mkigombana kuhusu honorari, malalamiko yanapelekwa kwa batonie, mkuu wa baro. Usiende redioni kwanza.

Kisha siku ya kukabidhi dosie. Shemeji yangu, mwenye kikampuni cha kutengeneza matangi, aliacha hati zake halisi kwenye kabine moja mjini: cheti cha RCCM, mkataba wa kiwanja, kila kitu ndani ya bahasha ya kaki. Hakuandikiana na mtu. Kabine ikahama, sekretari akabadilika, na ilichukua miezi minane bahasha kuonekana, chini ya kabati, na alama ya kikombe cha kahawa juu yake. Tenda aliyoitaka ilikuwa imeshapewa mwingine.

Kwa hiyo peleka nakala, hati halisi zibaki nyumbani hadi zitakapohitajika mbele ya jaji au mthibitishaji. Andika bordero: orodha ya kila karatasi, idadi ya kurasa, tarehe. Chapa mbili. Moja inabaki kwa wakili, nyingine inarudi nawe ikiwa na sahihi na muhuri wa kabine. Na kama huna kompyuta, iandike kwa mkono kwenye daftari la mwanao. Nimeona majaji wakizisoma za namna hiyo bila shida.